Hukumu za Saa Kumi na Mbili Jioni

Siku mliponiaga ofisini kwa keki iliyoandikwa "Kerugo" badala ya Kerubo, mmoja wenu aliniomba niandike machache kuhusu kazi yetu, ili wanaoanza wapate pa kushika. Nikasema sawa, kama tunavyosema sawa kwa mambo tusiyokusudia kuyafanya. Lakini viza yangu imeshafutwa, masanduku yamejaa chumba kizima hapa Al Qusais, Dubai, na siku ya kurudi Kenya bado haijafika. Nimechoka kufunga mizigo. Basi nimekaa juu ya sanduku moja, naandika.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo hayamsaidii mtu, na mengine yanaudhi.

Ofisi mnayoijua nyinyi ina lifti na mashine ya kahawa. Nilipoingia mimi ilikuwa vyumba viwili Al Rigga, juu ya mkahawa wa Wairani, na kuanzia saa tano asubuhi harufu ya mishikaki ilipanda ngazi na kukaa nasi kama mteja asiye na miadi. Mwenye ofisi ni yuleyule, wakili Mmarekani, Bwana Harlan, ambaye wote tunamwita sir. Kazi yake ilikuwa moja tu: watu waliokwama kati ya Ghuba na Marekani. Mume yuko huku, mke yuko kule. Baba amepata viza, watoto hawakupata. Mimi nilitoka mapokezi ya hoteli, barabara ileile, na niliajiriwa kwa sababu nilipiga chapa haraka na kujua Kiswahili. Sheria ya Marekani niliijua kwa sinema tu, ambako kila kesi huisha mtu akipiga kelele na hakimu akigonga meza. Tangu hapo nimesoma hukumu zao nyingi kuliko nilivyosoma Biblia, Mungu anisamehe, na sijakuta mahali jaji aligonga chochote.

Siku ya kwanza sikufundishwa sheria. Nilifundishwa karatasi. Karatasi ya Wamarekani si kama yetu. Ni fupi zaidi na imenenepa kidogo. Ukichapa fomu yao kwenye karatasi ya kawaida ya hapa Dubai, mstari wa mwisho unakaa vibaya, na mstari wa mwisho ndio wa sahihi. Basi tulikuwa tunakata karatasi kwa mashine ya mkono, rundo baada ya rundo. Matundu ya faili yanatobolewa juu, si pembeni. Tarehe inaanza na mwezi. Na mtu mwenye jina moja tu kwenye pasipoti, kama walivyo wateja wetu wengi kutoka Bara Hindi, anaandikwa kwamba jina lake la kwanza halijulikani. Nimewahi kumwita mzee mmoja kwa sauti pale kwenye viti vya kungojea, "Bwana Halijulikani!" Akasimama bila kinyongo. Alishazoea.

Aliyenifundisha yote hayo ni Bi Zuhura, mtafsiri wetu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai na wazee wake akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilinifanya mimi Mkisii nione haya kufungua mdomo. Asubuhi ile alinitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye mgeni? Haya. Kiti changu usikikalie, kalamu yangu usiiazime, na mteja usimdanganye. Mengine tutazoeana, inshallah."

Kalamu niliiazima mara nyingi. Mteja sikumdanganya, lakini mara moja nilimzungusha, na hapo ndipo Bi Zuhura aliponifundisha kazi yenyewe.

Mnakumbuka, au mlikuwa bado shuleni, zile amri za rais wa Marekani za kuzuia watu wa nchi kadhaa wasiingie. Zilipingwa mahakamani, zikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Mteja wetu mmoja, Mzee Abdi, Msomali aliyekuwa akiuza ubani na udi Al Ras, alikuwa na wanawe wote Minnesota, na faili lake lilikuwa limekamilika, kasoro ni pasipoti yake tu, maana Somalia ilikuwa kwenye orodha ya amri ile. Mahakama ile hutoa hukumu zake kubwa mwezi wa Juni, saa nne asubuhi kwao, na hapa huwa ni saa kumi na mbili jioni. Haisemi kesho itatoa ipi. Unakaa tu mbele ya kompyuta. Jioni ile ikatoka: amri inabaki, majaji watano dhidi ya wanne. Mzee Abdi alikuwa ameketi mbele yangu na kofia yake magotini. Nikaanza kumweleza kwamba majaji waliangalia madaraka ya rais, na kwamba kuna sheria ya zamani ya uhamiaji, na kwamba wanne walipinga kwa maneno makali...

Bi Zuhura alisimama, akaja, akaweka mkono begani kwangu.

"Baba," akamwambia, "hukumu imetoka, na haikutusaidia. Mlango bado umefungwa."

Mzee alivaa kofia yake, akashukuru, akauliza kama afunge duka wiki ile au aendelee. Alipoondoka, Bi Zuhura alinigeukia.

"Anza na mwisho, mwanangu. Aliyekuja kusikia hukumu hasikii utangulizi. Unamwongezea dakika za kuumia tu."

Mzee Abdi aliwafikia wanawe miaka baadaye, rais mpya alipofuta amri ile kwa sahihi yake. Mahakama haikuwa na mkono humo. Nilifurahi sana siku ile. Nilijifunza pia kutoifurahia sahihi, maana nimeona nyingine zikija baada yake na kufunga tena.

Bi Zuhura na sir walibishana juu ya mahakama ile miaka yote niliyokaa nao, na mabishano yao ndiyo yaliyokuwa shule yangu. Sir ni mtu mwema, lakini anaamini jaji asome kilichoandikwa na kuishia hapo.

"Jaji si mbunge," alikuwa akisema. "Watu hawakumchagua."

"Na mbunge akidhulumu, sir, aliyedhulumiwa aende wapi?"

"Apige kura."

"Wateja wetu hawapigi kura, sir. Ndiyo maana wako kwenye viti vile pale."

Hapo sir huomba kahawa. Bi Zuhura sasa yuko Maskati kwa bintiye, na macho yamemgomea. Husomewa habari na mjukuu.

Kesi ninayotaka kuwaachia ilikuja baada ya Bi Zuhura kuondoka. Nekesa alikuwa msichana wa Bungoma aliyefanya kazi mapokezi ya hoteli moja hapo Al Rigga. Mumewe, Marcus, ni Mmarekani mweusi, mwalimu wa hisabati. Walikutana kanisani, wakaoana, wakapanga nyumba hapa Al Qusais, jengo la pili kutoka langu. Binti yao, Nafula, ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushikilia viti. Kilichowaleta kwetu ni simu kutoka Ohio: mama yake Marcus ameanguka jikoni na kuvunjika nyonga. Marcus ni mtoto wa pekee. Wakaamua wote watatu wahamie kule kumtunza. Marcus ni raia, na mtoto ni raia kupitia baba yake. Nekesa alihitaji viza ya mke.

Tulitayarisha faili ambalo hata sasa sioni kasoro yake. Nekesa alitoka kwenye mahojiano ya ubalozini akitabasamu. Afisa alikuwa mpole, alisema, alimuuliza tu juu ya kazi zake za zamani. Naye akamwambia ukweli, kwamba kabla ya kuja Dubai alikaa miezi michache Nairobi akipokea simu kwa wakala wa ajira. Wenye ofisi ile baadaye walishtakiwa kwa kusafirisha watu kwa hila. Yeye alishaondoka zamani.

Majibu yalikuja kwa mstari mmoja. Amekataliwa, chini ya kifungu kinachomhusu mtu anayedhaniwa kwamba akiingia atafanya jambo la kuvunja sheria. Namba ya kifungu, basi.

"Mama Moraa," Nekesa aliniuliza, maana Wakenya wote ofisini waliniita kwa jina la binti yangu, "hii namba inasema nimefanya nini?"

"Haisemi."

"Sasa nitajitetea aje?"

Tulidhani ni ile kazi ya Nairobi. Tulipeleka cheti cha tabia njema, viapo vya watu waliomjua, barua ya mchungaji. Likarudi jibu lilelile na namba ileile. Mpaka leo hatujui. Mkifanya kazi hii muda mrefu mtaona kwamba mtu huzoea kukataliwa, lakini kutoambiwa sababu hakuzoeleki.

Wakati huohuo kulikuwa na kesi ya wengine inayopanda kwenda Mahakama ya Juu, na ilifanana na yetu kama watoto pacha. Mama mmoja raia wa kule, mumewe alikataliwa viza kwao Amerika ya Kati kwa kifungu hichohicho, bila maelezo. Yeye alishtaki. Sir alitukalisha, mimi na Nekesa na Marcus, akaeleza taratibu.

"Mtu aliye nje hawezi kudai viza mahakamani. Hilo ni la zamani, halina ubishi. Lakini yule mama anasema: mimi ni raia, na ndoa ni haki yangu. Mkimzuia mume wangu mnanigusa mimi, kwa hiyo mniambie sababu ya maana. Mahakama ya rufaa ilimkubalia. Mahakama ya Juu ikimkubalia pia, nasi tutadai sababu yetu."

"Na isipomkubalia?" Marcus akauliza.

Sir aliomba kahawa.

Tulingoja. Mama yake Marcus aliletewa msaidizi wa nyumbani kule, akamfukuza. Akaletewa wa pili. Nekesa alikuwa anampigia simu ya video kila asubuhi ya Ohio kuhakikisha amekula, na hivyo ndivyo walivyopendana, kupitia kioo, wakizungumza habari za dawa na nywele. Juni ikafika. Kila siku ya hukumu Nekesa alipita ofisini kwetu akitoka zamu, na sare ya hoteli mwilini, akakaa kiti cha mwisho. Kila siku hukumu zilitoka, si yake. Bunduki. Kodi. Dawa. Nikimwambia "Si leo," anachukua mkoba wake, anakwenda kupanda metro.

Siku ilipotoka, Marcus naye alikuwepo. Niliteremka kwenye kioo cha kompyuta moja kwa moja hadi chini ya muhtasari, nikasoma, nikasoma tena ili nisije nikawa nimekosea. Kisha nikavua miwani.

"Nekesa. Marcus. Hukumu imetoka, na haikutusaidia."

Marcus alivuta kiti, akaja kuketi karibu na kompyuta yangu.

"Ni wangapi?" Marcus akauliza.

"Sita kwa watatu."

Nekesa alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. "Kwa hivyo wanasema mimi si mke wake?"

"Hapana. Ndoa yenu ni halali, hakuna aliyeigusa. Wanasema haki ya kuoa ni kitu kimoja, na haki ya kuishi na mwenzako ndani ya nchi yao, kama yeye si raia, ni kitu kingine. Hiyo ya pili hawaioni kwenye katiba."

"Sasa ndoa ni ya wapi?"

Marcus aliniomba nimsomee walichoandika majaji watatu waliopinga. Nikamsomea. Walisema wenzao wamekwenda mbali kuliko kesi ilivyohitaji, na kwamba watakaobeba mzigo ni wanandoa wasio na nchi nyingine ya kukimbilia. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika paji la uso.

"Wameandika vizuri," akasema. "Mwambie sir wameandika vizuri."

Nilipomwambia sir, alikuwa dirishani. Alikiri kwamba kama angekuwa jaji, huenda angepiga kura na wale sita. "Na ningelala vibaya," akasema. Sikumchukia kwa hilo. Wapo mawakili wanaolala vizuri, na nimeona kazi zao.

Wiki moja baadaye walirudi wakiwa wamegombana tangu nyumbani. Marcus alikuwa ameamua kwenda Ohio na Nafula, mama yake apone, kisha waone.

"Wewe nenda," Nekesa akasema. "Mama ni mama. Lakini mtoto hang'oki hapa."

"Mtoto ana haki ya kwenda."

"Kila mtu ana haki kwa hii nyumba isipokuwa mimi! Mama Moraa, mwambie. Aki mwambie."

Kabla sijafungua mdomo simu ya Marcus ikalia. Alikuwa mama yake. Marcus aliiegemeza kwenye stepla yangu ili wote tuonekane, na hapo ndipo nilipomwona Mama Loretta kwa mara ya kwanza: mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimefungwa kitambaa, nyuma yake friji. Nayaandika kwa Kiswahili aliyoyasema kwa Kiingereza, na hayakupungua sana.

"Nimesoma ile hukumu," alisema. "Marcus, nyamaza. Nataka nimwambie binti yangu kitu."

Akasimulia. Alizaliwa Virginia, wakati watoto weusi na weupe walisoma mbalimbali. Mahakama ya Juu hiyohiyo ikasema shule za kutenganisha ni kosa. Watu wakaimba kanisani. Wilaya yao ikaamua kwamba kuliko kuwachanganya watoto, itafunga shule zote za serikali. Ikazifunga, miaka. Mama yake, ili Loretta asome, akamtia kwenye basi na kumpeleka kwa shangazi Ohio, msichana wa miaka kumi.

"Nilishinda kesi, nikampoteza mama yangu," alisema. "Nilimwona Krismasi na Krismasi mpaka nikawa mtu mzima. Nimefundishwa tangu mdogo kwamba hukumu ni kitu kimoja na meza yako ya chakula ni kitu kingine. Sheria ilinitenganisha na mama yangu nikiwa mtoto. Haitamfanyia hivyo huyo mjukuu wangu kwa sababu ya nyonga yangu. Hawamruhusu Nekesa kuingia? Sawa. Mimi je, kuna jaji aliyenikataza kutoka?"

Marcus alianza kusema habari za daktari na joto la Dubai.

"Marcus. Nimesema nyamaza."

Mama Loretta alikuja kabla ya mwaka kwisha, kwenye kiti cha magurudumu, na kofia ya kanisani kichwani. Viza yake ya kukaa na mwanawe ndiyo faili jepesi kuliko yote niliyowahi kushika. Nilitobolea karatasi zake matundu pembeni, kwa mara ya kwanza miaka mingi.

Kwa kuwa tulikuwa majirani, nilimzoea. Jumapili jioni nilikwenda kwao. Mama Loretta alikaa karibu na kiyoyozi akilalamika ni baridi, kisha akikizima akilalamika ni joto. Ugali aliukubali; alisema ni ndugu wa uji wao wa mahindi, ila huu una msimamo. Nekesa alimwogesha, alimsuka nywele, alimgombeza akiacha dawa. Walikuwa wakigombana kama watu wa damu moja, kila mmoja kwa lugha yake, na Nafula akimchukulia mmoja maneno na kumpelekea mwenzake kwa lugha ya huyo mwenzake.

Kila nilipoingia alianza na swali lile. "Haya, Kerubo. Watu wangu wa Washington wameamua nini?"

Nami nilimpa habari, kwa kuanza na mwisho. Nilimwambia majaji wa chini wamepunguziwa uwezo wa kusimamisha amri ya rais nchi nzima. Tuliongea juu ya ushuru wa bidhaa, na juu ya ule ubishi kama mtoto aliyezaliwa pale na wazazi wageni ni raia au si raia, jambo ambalo alidhani lilikwisha tangu enzi za babu ya babu yake. Habari za vyuo kukatazwa kutazama rangi ya mwombaji alikuwa nazo kabla yangu. Hakupiga kelele. Wakati mmoja nilimuuliza kama bado anawaamini.

"Walikosea miaka mingi kabla ya kupatia," akasema. "Watapatia tena. Tatizo ni kwamba mimi sina miaka hiyo."

Hakuwa nayo. Moyo ulianza kumsumbua mwaka huu, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na hakurudi. Nekesa ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe Virginia, kando ya mama yake.

Nekesa alikuja ofisini siku iliyofuata. Hakulia. "Nataka kwenda kumzika," alisema. "Siku tatu. Wanifunge pingu kama wanataka."

Viza ya matembezi kwa msiba. Nilijua. Kifungu kile hakina msamaha, hata wa siku moja, ndivyo kilivyoandikwa. Sir aliniona nafungua fomu mpya.

"Kerubo, unajua jibu."

"Najua, sir. Lakini wakatae wao. Tusikatae sisi kwa niaba yao."

Hilo ndilo la pekee ninalotaka mlishike, nyinyi mnaobaki. Utachoka, na ukichoka utaanza kuwajibia watu hapana kabla hawajaulizwa wenye kuijibu. Inaokoa muda. Usifanye hivyo. Niliijaza fomu ile kwa uangalifu kama ndiyo ya kwanza, na ilikataliwa upesi kuliko nyingine yoyote niliyowahi kupeleka. Ilikuwa karibu ya mwisho kwangu.

Siku ya kusafirisha maiti tulikwenda wote kwenye kituo cha kutayarisha maiti, huku huku upande wa Al Qusais. Nekesa alikuwa na kitana na mafuta kwenye mkoba. Alimwomba mhudumu, kijana Mhindi wa Kerala, amruhusu amsuke mama nywele.

"Yalla, madam, haraka haraka tu, gari linangoja."

Alianza kusuka. Mhudumu alitazama saa yake mara moja. Kisha akatoka, akarudi na kiti, akakiweka nyuma ya Nekesa bila kusema kitu, akaenda kusimama nje na dereva. Nekesa alisuka zile mbili kubwa za kuzunguka kichwa, alizozipenda. Marcus alikuwa amemshika Nafula mkono mlangoni. Nekesa alipomaliza alifuta kitana, akakirudisha mkobani, akambusu mama paji la uso.

Marcus na Nafula walisafiri na jeneza. Mimi nilikuwa nimeshaagwa kazini, sina pa kwenda, basi siku ya mazishi nilikwenda kukaa na Nekesa. Kanisa lilirusha ibada kwa mtandao. Asubuhi ya Virginia ilikuwa jioni kwetu. Aliiegemeza simu kwenye birika la chai. Alikuwa amevaa nyeupe, maana Marcus alimwambia wanawake wa kanisa lile huvaa nyeupe, na alikuwa amevaa viatu, sebuleni kwake.

Picha ilikwama mara mbili. Tuliona jeneza, limefunikwa maua. Tuliona kisogo cha Marcus, na Nafula karibu naye, soksi nyeupe. Waliimba wimbo ambao Mama Loretta alizoea kuuimba akikunja nguo, na Nekesa aliufuata kwa midomo. Kisha mchungaji, mzee mwenye sauti nzito, akafungua Biblia, akavua miwani, akasema: kabla hatujaanza, ningeomba familia ya marehemu isimame.

Marcus akasimama. Nafula akasimama. Kiti cha tatu pale mbele walikuwa wamekiacha wazi kwa ajili ya Nekesa, na juu yake wameweka kitambaa.

Nekesa akasimama. Akavuta gauni likae sawa, mikono akaiweka mbele, akabaki hivyo wima mbele ya meza, mpaka mchungaji aliposema wanaweza kuketi.